Magwiji Walikataa Kupita Getini Kwangu

Shida yangu ilianza mwaka 1992, nikiwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa mbeba marobota katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kazi hiyo niliipenda kwa sababu haikuniuliza nimesoma darasa la ngapi. Nilifika la nne, na hilo la nne lenyewe lilinishinda. Siku moja tukaitwa uani. Bwana mmoja mwenye tai akatueleza kwamba uchumi umefunguliwa, sasa kila kitu ni ruksa. Alipomaliza kutueleza kwamba kila kitu ni ruksa, tukafungiwa mlango.

Mke wangu alivumilia msimu mmoja wa dagaa bila mafuta, kisha baba yake akavuka na kivuko kutoka ng'ambo ya Busisi, akaja kumchukua. Mzee hakupiga kelele. Alikunywa maji, akafunga mzigo wa binti yake kwenye baiskeli, akasema, "Ng'ombe wako nimeshawala, siwezi kuwatapika. Lakini huyu nilimwozesha kwa mwanamume mwenye kazi. Ukipata kazi inayoonekana kwa macho, uje umchukue."

Nimebeba marobota mengi maishani, lakini maneno hayo yalikuwa mazito zaidi.

Nilijifunza kuchomelea pale Nyamagana, Mwanza, kwa kumbebea vyuma fundi mmoja na kumtazama mikono. Sikufundishwa darasani na sina cheti, na asiyependa hivyo akanunue geti la cheti. Kazi yangu ya kwanza kubwa nilipewa na mfanyabiashara wa minofu ya sangara. Miaka ile ukiona mtu Mwanza ana gari jipya na ananukia samaki, unamwamkia hata kama ni mdogo wako. Huyu alikuwa amepata kiwanja cha mpira upande wa Kiseke, akakizungushia ukuta wa matofali ili watu waache kutazama mpira bure. Ukuta alimpa fundi mwashi mwenye cheti. Geti akanipa mimi, kwa kuwa mafundi wengine walikuwa na kazi nyingi.

Mimi vipimo sikuvijua vizuri, kwa hiyo kila nilipokuwa na wasiwasi niliongeza chuma. Nilitumia chesisi ya lori bovu, na mabomba ya kiwanda kilekile cha pamba kilichonifukuza, yaliyokuwa yanauzwa kama chuma chakavu. Juu kabisa nikaweka mchezaji niliyemkata kutoka kwenye bati la pipa, mguu mmoja ameunyanyua anapiga shuti. Wapita njia wakaanza maneno.

"Fundi, unafungia mpira au wafungwa?"

"Fundi, huyo juu anafanya nini, anaruka nyoka?"

Niliwajibu kwamba wenye akili wataliona siku ya ufunguzi.

Na ufunguzi wenyewe haukuwa wa mchezo. Yule tajiri aliita magwiji. Nasema magwiji, siyo hawa wa siku hizi wanaoanguka kabla hawajaguswa. Nyinyi mnaotazama mpira kwenye televisheni mnaona kila kitu, ndiyo maana hamjui kitu. Sisi ujanani tulitazama kwa masikio, watu ishirini na redio moja, na mtangazaji alipopumua tulipumua naye. Timu ya mjini ilikuwa na winga ambaye alimpiga chenga beki mmoja, beki akaenda dukani kununua chumvi, akarudi akakuta bado anapigwa chenga. Timu ya ng'ambo ilikuwa na beki ambaye akiuondosha mpira hapa Mwanza, wavuvi wa Ukerewe wanainamisha vichwa. Mshambuliaji mmoja alijaribu kumpita kwa nguvu. Baada ya siku hiyo aliacha mpira, akawa katekista.

Beki huyo ndiye mungu mdogo wa baba mkwe wangu. Mzee alikuwa haendi hata kliniki, lakini nilipotuma salamu kwa mtu wa kivuko kwamba beki atacheza, na kwamba geti la kiwanja nimelitengeneza mimi, jibu lilirudi na kivuko kilekile: "Nitakuja kumwona beki. Hilo geti nitaliangalia nikipata nafasi."

Basi mambo yangu yote yalikuwa pale. Watazamaji wangeingia kwa kimlango cha nyuma. Geti kubwa lilitunzwa kwa ajili ya magwiji tu: wapite, watu wapige makofi, mzee aone, mke wangu arudi. Nilikuwa nimelipanga hivyo kichwani kama mtu anayepanga viatu.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaenda mapema. Zege la nguzo lilikuwa na wiki moja, nikalimwagilia maji kama inavyotakiwa. Udongo pale ulikuwa umechimbwachimbwa, nikausawazisha kwa jembe. Rangi nilikuwa nimeongeza mkono wa mwisho jana yake na ilikuwa bado inanata, kwa hiyo nikafunga kitambaa chekundu kwenye komeo ili watu wasiguse. Nikakaa pembeni nimevaa koti la harusi yangu.

Mchana timu ya mjini ikafika kwenye pikapu. Nilisimama kuwapokea, na kwa kweli nilishtuka. Yule winga wa chenga alikuwa ameota kitambi mpaka jezi imekuwa kama leso. Kipa alishushwa na watu wawili. Lakini gwiji ni gwiji, nikawaonyesha njia kwa mikono miwili.

Hawakusogea. Mzee mmoja waliyekuja naye, mtu wa ile wanayoiita kamati ya ufundi, ambayo mpira haijui hata kidogo ila inajua mizizi, alikuwa ameinama anatazama chini.

"Udongo mbichi," akasema.

"Ni zege, mzee wangu," nikasema. "Nimelimwagilia."

"Umemwagilia nini?"

"Maji."

"Maji ya nani?"

Kabla sijajibu akaona kitambaa chekundu. Akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. "Wa ng'ambo wamezika dawa! Hapa hapiti mtu!"

Nikamwambia kitambaa ni cha rangi. Akaniambia, "Ndiyo, naona rangi yake." Mimi ni Mkristo, nasali, lakini siku ile nilitamani kweli ningekuwa na dawa, nimzike nayo yeye.

Watu wa mpira wanajua: timu ikishuku mlango, inaruka ukuta. Walipokuwa vijana waliruka kuta za viwanja vyote vya nchi hii kama paka. Sasa wakaanza kupandishana, huyu anasukuma, yule anavuta, magoti yanalia kuliko sauti zao. Winga akapita. Kipa akafika juu, akakaa amepanua miguu kama mtu aliye juu ya baiskeli, akapunga mkono kwa watu. Hapo ndipo ukuta wenye cheti ulipoanza kulala. Haukuanguka kwa haraka. Ulilala taratibu, na kipa juu yake bado anapunga, mpaka wakafika chini pamoja. Hakuumia. Alisimama ndani ya kiwanja, akajipangusa, akasema, "Nimeingia."

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka. Niliangalia nyuma, nikamwona baba mkwe, kofia mkononi, mavumbi ya safari miguuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akatazama geti, akatazama pengo la ukuta. "Hili ndilo geti lako?"

"Ndilo."

"Mbona watu wanalikimbia?"

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hata zizi la ng'ombe linapitika."

Nikaona kabisa mke wangu anazeekea ng'ambo.

Likaingia lori la samaki, limebeba timu ya ng'ambo. Wakaruka chini wakinuka sangara, na katikati yao yule beki. Alikuwa mkubwa kuliko redio ilivyosema, hasa upande wa nyuma. Baba mkwe akavua kofia ambayo tayari alikuwa ameivua.

Nao wakaona udongo uleule na kitambaa kilekile, wakakataa geti. Nilitegemea basi watapita pale kwenye pengo, watu wazima na akili zao. Kumbe hapana! Pengo wamepita wapinzani, nani ajue wameacha nini. Ukuta uliobaki ulikuwa unatikisika kwa upepo tu. Wakasimama wamechanganyikiwa mpaka beki akaunguruma.

"Dawa inazikwa wapi?"

"Chini," wakajibu.

"Mmewahi kuona mtu anazika dawa juu?"

Wakakiri hawajaona. Basi wakaamua kulipanda geti langu lililofungwa. Na kwa kuwa wa mwisho ndiye anayebaki na mkosi, hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Timu nzima ikalivamia kwa pamoja, na wachezaji wa akiba juu yao. Geti halikuonekana tena, zilionekana kaptula tu. Nikafumba macho, nikasubiri mlio wa chuma.

Haukuja. Nilipofumbua, walikuwa wananing'inia kama popo na bawaba hazijatoa hata mlio wa panya. Wakaanza kudondokea ndani mmoja mmoja, rangi mpya imewabaki mapajani.

Akabaki beki. Alikuwa amefika juu kabisa, na mguu wa mchezaji wangu wa bati, ule wa shuti, ulikuwa umemnasa kaptula kwa nyuma. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Nisaidieni basi, mnatazama nini!"

Tuliokuwa karibu ni mimi na baba mkwe. Kwetu mkwe na mkwe hawasogeleani hovyo, kuna heshima yake, hata kiti kimoja hamkalii. Lakini gwiji akikuita utafanyaje? Tukapanda bomba la chini, nikashika paja la kushoto, mzee akashika la kulia, mabega yetu yamegusana, kalio la gwiji juu ya vichwa vyetu.

"Sukuma, mkwe!" mzee akanipigia kelele.

"Nasukuma, baba!"

"Inua kwanza, ndiyo usukume! Wewe umebeba marobota bure?"

Tukainua. Beki akageuza shingo, jasho linamdondoka, akauliza, "Nani aliyeunda hili dude? Miaka yote niliyocheza hakuna mshambuliaji aliyewahi kunikaba namna hii!"

Baba mkwe akajibu kabla yangu, kwa sauti ya kufika hadi kimlango cha nyuma. "Mkwe wangu! Huyu hapa! Ni mkwe wangu!"

Kaptula ikachanika, gwiji akaangukia kiwanjani.

Mechi iliisha sare, moja moja. Goli la mjini lilifungwa na winga, mpira ulimgonga kisogoni akiwa ameinama anatafuta pumzi. Goli la ng'ambo alilifunga beki kwa shuti refu, kipa akabaki ameshika kiuno. Mzee alisema hajawahi kuona mpira mzuri hivyo, na mimi sikumbishia, ingawa kipindi cha pili kilikatishwa kwa sababu wachezaji wengi walikuwa wamekaa chini.

Jioni akalishika geti, akalitikisa, likamtikisa yeye. "Kesho mwenzako atavuka," akasema. Akavuka kweli, na kivuko cha kwanza. Siku hizi daraja lipo, angekuja na bodaboda.

Wiki ile ile watu wakaanza kuja. Hawakuuliza cheti. Waliuliza, "Wewe ndiye fundi wa lile geti la magwiji?" Kiwanja chenyewe baadaye kilijengwa nyumba. Nikaomba geti langu, nikapewa, tukalibeba kwa matusi yaleyale ya siku ya kulisimamisha.

Leo nina nyumba Kiseke, bati la migongo mipana, madirisha nimechomelea mwenyewe. Nina karakana. Nina mashine mbili za kuchomelea, moja mbovu. Nina ng'ombe wanne ng'ambo, kwa shemeji. Nina pikipiki. Nina mke yule yule. Nina geti lile lile, na mtu wa bati juu yake, na kipande cha kaptula ya gwiji mguuni kwake. Ukuta bado sijajenga.