Ganda la Kauri na Gunzi la Burnt Forest

Siku yangu ya kwanza kwenye kliniki ya meno hapa Eldoret, daktari mkuu alinikabidhi trei ya vyombo akaniambia, "Sista, watu huja hapa na kiganja mdomoni. Ukimwona mtu hivyo, mwangalie macho, meno niachie mimi." Nikajisemea, huyu mzee ana maneno! Nilikaa msaidizi wake hadi nikastaafu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, veniya mnazijua: ganda la kauri, jembamba kama ukucha, linalogandishwa mbele ya jino. Jino lenyewe huparuzwa kidogo kwanza, na likishaparuzwa halirudi. Kwa hivyo tuliwaimbia wagonjwa: mswaki laini, unga wa makaa usiguse, soda usifungue kwa meno, na mahindi ya kuchoma pukuchua kwa kidole. Kwa kidole, jamani!

Nekesa, mwalimu wa nasari, aliitikia yote. Alikulia Burnt Forest, na maji ya kisima cha kwao yalikuwa yameyatia meno yake rangi ya chai ya mkandaa. Tulipomwekea maganda, mamake alinuna. "Meno ya kwetu yamekukosea nini?"

Halafu Alhamisi moja simu ikalia. Nekesa alikuwa kwao, ameuma hindi, na ganda la mbele halipo. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kumposa. Ganda jipya hutengenezwa Nairobi, na hilo ni suala la wiki kadhaa. "Sista, nafikiri nimelimeza. Nitawaambia wasikuje," alisema akilia. Niliumia, na hasira pia nilikuwa nayo. Si tulimwambia?

Ijumaa asubuhi alifika amejifunika leso mdomoni, akangoja zamu yake. Hatujamkalisha vizuri, mamake akaingia akihema, na gazeti limekunjwa kifuani kama mtoto mchanga.

"Daktari, baada ya huyu kutoka nimetafuta kwenye takataka zote. Babake alitaka kuligandisha na gundi ya viatu, nikamfukuza jikoni."

Akafungua. Hindi lililoliwa nusu, na katikati ya punje, ganda letu limekwama.

Daktari alilichomoa kwa kibano, akaligeuza chini ya taa.

"Ni zima," akasema. "Halina hata ufa."

Alilisafisha, akapaka gundi yetu, akalimulika kwa taa ya buluu mpaka likashika. Mimi nilishika mrija wa kufyonza mate huku nikiomba Mungu.

"Haya, cheka nione," mamake akamwambia. Mkono wa Nekesa ukapanda mdomoni kwa mazoea. Mama akaudaka, akaushika magotini pake. Nekesa akacheka. Nilikimbilia chumba cha kuchemshia vyombo nikalia, nikashukuru, nikarudi.

Sasa nimestaafu, naishi mtaani Munyaka, na mahindi yangu bado napukuchua kwa kidole. Juzi Nekesa alipita hapa langoni, mkono mmoja mtoto, mwingine sukuma wiki. Nikamtania kuhusu lile hindi. Alicheka mpaka kona ya barabara, na mikono yote miwili ikabaki na mizigo yake.