Zenon na Ekseli ya Lori la Samaki

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila aliyeuza mahindi yake vizuri alijiona anaweza kumiliki gari, na magari mengi yaliyopanda Ufipa yalikuwa yameshakufa mikononi mwa wenyewe wa kwanza. Zenon wa Katandala aliishi kwa kuyafufua. Alikuwa na mashine moja ya kuchomelea, mdomo mkubwa, na sharti alilojiwekea kilabuni akiwa amekolea pombe: ekseli akiichomelea yeye, safari ya kwanza anapanda. Mafundi wenzake walimwona kichaa. Wateja walimpenda mno.

Ndipo Shigela akaleta lori lake. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyeuza ng'ombe ili abebe samaki wa chumvi kutoka Wampembe, kule ziwani. Maji ya chumvi yalivuja sakafuni yakidondokea ekseli ya nyuma kila safari, na kutu ilikuwa imeitafuna vibaya. Zenon aliigonga kidogo, yakabanduka magamba kama ukoko wa ugali. Fundi mwenye akili timamu angesema, "Tafuta ekseli nyingine." Lakini gereji ilikuwa imejaa watu, na bwana huyu hakuwahi kushindwa kitu mbele ya watu.

"Nitaivalisha bomba," alisema. "Itakuzika wewe, Shigela."

Akaivalisha kipande cha bomba, akachomelea kuizunguka. Chuma kikatoboka, akaziba. Kikatoboka tena, akaziba tena. Mwishowe akapaka rangi nyeusi, nzito, ikapendeza kwelikweli. Rangi ndiyo dini ya mafundi waongo, na siku hiyo Zenon alisali sana.

Kesho yake asubuhi Shigela alikuja na mama yake, Bibi Minza, aliyekuwa anakwenda Wampembe kumwona mjukuu mchanga. Akapandishwa mbele, kuku mapajani.

"Shikamoo, bibi," alisema Zenon.

"Marahaba, baba."

Zenon akapanda nyuma. Aliujua ule mteremko wa kushukia ziwani. Aliogopa kufa, ila aibu aliiogopa zaidi.

Mara akatokea mkewe, Fortunata, mtoto mgongoni na kikapu mkononi.

"Mama Salome, unakwenda wapi?"

"Kununua migebuka kule ziwani. Gari si umelitengeneza wewe?" Akakanyaga tairi apande.

"Shuka!"

"Kuna nini? Nafasi ipo."

"Nimesema shuka!"

Zenon akaruka chini yeye mwenyewe, akanyakua nyundo, akaingia uvunguni. Pigo moja tu, bomba likaachia na kutu ikammwagikia usoni. Gereji nzima ikaangua kicheko. Shigela hakucheka, alimteremsha mama yake polepole, akimshika mkono.

Fortunata naye hakucheka. Alichuchumaa karibu na tairi, akamtazama mumewe aliyelala chali pale chini.

"Kwa hiyo ulijua," alisema kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa napanda mwenyewe. Ndilo sharti langu."

"Na mama wa watu? Yeye ana shingo ya akiba?"

Zenon akajifuta uso kwa kiganja. Moyo ulimuuma kuliko macho yaliyojaa kutu.

Bibi Minza, ambaye hakuwa amesikia lolote kati ya hayo, alisogea na kuku wake kwapani, akainama mpaka wakaonana uso kwa uso.

"Ahsante, baba," alisema. "Mungu akubariki. Umetuokoa."