Mgongo wa Kinyozi

Shemeji yangu ni kinyozi. Mtu akiniuliza ni kinyozi wa namna gani, humwambia aende akakae kwenye kiti chake aone mwenyewe. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni, kiti cha kuzunguka ambacho siku hizi kinazunguka upande mmoja tu, na redio isiyozimwa. Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yeye hujibu kwamba ndiyo maana kila jioni anafagia akili za mtaa mzima. Mzaha huo ni wa zamani, lakini wateja wanaucheka kila anapousema, kwa sababu mtu mwenye wembe shingoni mwako huchekewa.

Kazi hiyo asiyeifanya huiona nyepesi. Mashine ya kunyolea haina uzito wa kumtisha mtu, ila ishike ukiwa umeinua mkono usawa wa bega, kutwa nzima, kichwa baada ya kichwa, ndipo utajua. Shemeji alianza kuumwa upande wa kulia, pale chini ya bega karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo mkono wa mtu mwenyewe haufiki, ujaribu kwa juu, ujaribu kwa chini. Maumivu yakapanda shingoni, kisha yakashuka hadi kwenye kiwiko. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na mimi naongeza kwamba hajikandi pia.

Wa kumkanda alikuwepo. Dada yangu alifanya kazi kwenye tanuri la mikate tangu usichana wake, wakati unga ulipokuwa ukikandwa kwa mikono, na mtaani bado wanamwita Mama Mikate ingawa ameacha kazi hiyo zamani. Mikono yake ilikuwa si mchezo. Tulipokuwa wadogo, akikufinya ulikuwa unakumbuka wiki nzima umekosea nini. Tangu waoane, shemeji akirudi jioni huvua shati, hulala kifudifudi kwenye godoro la sebuleni, na dada humkanda mgongo huku wakiwasengenya wateja. Watoto wao walikulia katika hayo, wakaoa na kuolewa wakaenda zao, na mgongo ukaendelea kukandwa.

Kisha mikono ya dada ikaanza kumgeuka. Viungo vya vidole vikavimba, vikakakamaa, vikaanza kupinda. Nilihamia kwao kumsaidia, na kazi za nyumba zikawa zinanijia moja moja: kufua, kukata vitunguu, kukamua kitambaa cha kudekia, kufungua chupa. Mwisho nikawa namfunga vifungo vya gauni. Siku ya kwanza nilipomfunga alitazama dari mpaka nilipomaliza, akasema asante kwa sauti ambayo mtu humshukuru nayo mhudumu. Kazi moja tu hakuniachia, nayo ni mgongo wa mumewe.

"Hiyo usiiguse, mdogo wangu," aliniambia. "Hiyo ikinitoka nitakuwa mgeni humu ndani."

Sasa mimi nauza katika duka la vifaa vya mazoezi, na rafu moja ya duka letu imejaa vifaa vya watu kujikanda wenyewe nyumbani. Siku moja mchana shemeji akaingia, bado amevaa koti lake jeupe, nywele za watu mabegani. Alisubiri mteja aliyekuwepo atoke. Kisha akaja mpaka mezani kwangu na kuongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka mkopo.

"Shemeji, asubuhi mkono umetikisika. Nimemkwaruza mtu nyuma ya sikio."

"Sana?"

"Kidogo tu. Lakini amenitazama kwenye kioo."

Nilielewa. Mteja akianza kuutazama mkono badala ya kujitazama mwenyewe, kinyozi ajue biashara inaaga. Nikamuuliza kama dada hamkandi siku hizi.

"Ananikanda kila siku." Akaokota unywele kwenye koti lake, akautazama. "Ananipapasa, shemeji. Vidole haviingii tena ndani. Mimi nalala pale naguna, nasema vizuri, bibie, vizuri. Nitamwambiaje? Nikipeleka kifaa nyumbani ataona nimemfukuza kazi."

Basi tukaanza kuchagua. Nilimtolea kwanza mashine ya umeme, ile inayotetemeka kama simu iliyokasirika. Aliiwasha, akaruka, akacheka. Lakini ili ifike mahali penyewe ilibidi aishike kwa nyuma kwa mkono ule ule unaouma, na nikaona huo ni ujinga, kuuchosha mkono ili uutibu mkono. Nikamtolea gogo la sponji ambalo mtu hulilalia chali akajisukuma mbele na nyuma. Akaniuliza alilalie wapi, kwenye sakafu yenye nywele za watu? Nikamtolea fimbo iliyopinda mwishoni, yenye kinundu kwenye ncha. Unaitupa juu ya bega kisha unaivuta kwa mbele. Hiyo ilifika. Aliipenda, akaizungusha mkononi, kisha akairudisha.

"Ndefu mno," akasema. "Nitaificha wapi? Hata mwavuli sina, ningeifungia humo."

Ukabaki mpira. Tunao wa aina nyingi: wenye miiba, wa mbao, na laini ambao hausaidii kitu. Nikachukua ule wa raba ngumu, unaojaa kiganjani, nikautumbukiza kwenye soksi ndefu. Nikamtupia soksi begani ili mpira uning'inie mgongoni, nikamwambia aegemee ukuta apinde magoti polepole.

"Usibonyeze mfupa. Tafuta nyama. Ukilipata fundo, tulia hapo hapo upumue, usijikomoe. Ukisikia kama kisu, acha."

Alipanda, akashuka, akasogea kushoto kidogo. Kisha akafumba macho. Mteja aliingia akaulizia kamba za kuruka, nikamhudumia, akatoka akigeuka nyuma mara mbili, na shemeji bado yuko pale ukutani, mdomo wazi. Alipofumbua macho aliuinua mkono wa kulia mpaka juu, akaushusha, akauinua tena. Alitia mpira na soksi mfukoni mwa koti, akaniomba nisimwambie dada, nami nikaapa. Siku hiyo nilifurahi kweli, nikajiona nimetibu mtu.

Mpira uliwekwa kwenye droo ya taulo kule kazini kwake. Kila alipopata nafasi shemeji alifunga mlango, akaegemea ukuta nyuma ya kiti chake, na baada ya wiki chache mkono ukatulia. Wateja wakarudi kujitazama wenyewe. Jioni alilala kwenye godoro kama kawaida, na kwa kuwa ni mtu mwema asiye na akili, alianza kumsifu mkewe.

"Bibie, umeniponya. Hata wembe hautikisiki tena. Ni hii mikono yako."

Laiti angenyamaza. Dada alinyanyuka siku ile kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliwasimulia majirani. Alianza kunituma taulo la moto na mafuta, akawa anamkanda mara mbili ya muda wa zamani, anaingia kwa vifundo vya vidole pale ambapo ncha hazina nguvu, anaegemea kwa uzito wake wote. Shemeji alilala pale ameuma meno, na hakuuma meno kwa sababu ya mgongo. Asubuhi iliyofuata dada hakuweza kushika kikombe. Nilimshikia mimi, akanywa akitazama dirishani.

Nikamwendea shemeji kazini kwake. Nilimwambia anamuua dada yangu kwa sifa zake.

"Nifanye nini?" akaniuliza. Hakuniuliza kwa ukali. Alikuwa anataka nimjibu.

Alijaribu. Jioni moja alimwambia mkewe amepona kabisa, apumzike. Dada akamjibu kwamba amepona kwa sababu anakandwa, na dawa haiachwi katikati. Siku nyingine alisema akandwe shingo tu, akaambiwa shingo na mgongo ni ndugu. Akaanza kuchelewa kurudi, akamkuta ameketi kando ya godoro, taulo limepoa, mikono mapajani. Kwa hiyo akawa anarudi mapema. Alikonda, mtu wa watu, na mara nyingine nilimkuta amekaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, redio inaongea peke yake.

Nikampeleka dada hospitali. Daktari aliipima mikono, akavigusa vidole kimoja kimoja, akatuambia wazi: mikono ipumzike, isibonyeze, isikamue, la sivyo itakakamaa kabisa mapema. Nilisikia kwa masikio yangu. Tulipofika nyumbani shemeji akauliza daktari kasemaje.

"Kasema niifanyie mazoezi," dada akajibu. "Vua shati."

Nilibaki nimeshika mlango. Shemeji alinitazama mimi, mimi nikatazama chini, naye akavua shati. Nilikuwa na siri ya huyu na siri ya yule, na kila nilipofungua mdomo niliona nitakayemwokoa ndiye nitakayemvunja. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijisemea, lakini methali ni rahisi kuliko kumkabili dada yako.

Mwishowe nilichoka. Asubuhi moja, shemeji akiwa ameshakwenda kazini, nilimwekea dada maji ya vuguvugu kwenye beseni, akatumbukiza mikono. Vidole vilikuwa vimetuna, vile viwili vya mwisho havikunjiki tena. Nikasema liwalo na liwe.

"Dada, usinikasirikie. Shemeji ana mpira wa kujikandia. Nilimuuzia mimi. Anautumia kule kazini, na mkono wake umepona kwa huo mpira. Huna haja ya kujiumiza."

Hakuinua macho. Aliendelea kuigeuza mikono majini.

"Najua," akasema.

"Amekwambia?"

"Aniambie yeye, mwoga vile? Niliweka mikono jioni ile nikakuta mgongo umelegea. Mimi nimekanda unga tangu sijaota maziwa, mdogo wangu. Donge nililoliacha gumu jana, nikilikuta laini leo, si najua kuna mtu kapita hapo?" Akatabasamu kidogo. "Kwanza nilidhani ni mwanamke. Nikaumia, usiku sikulala. Kesho yake nikaona alama, duara duara, nikasema mwanamke gani huyu mwenye kidole kimoja?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Hasira ndiyo iliyonipanda. Nilimuuliza kama alijua muda wote huo, kwa nini alikuwa anajivunja mikono. Nilimuuliza kwa sauti kubwa mpaka jirani akanyamaza ng'ambo ya ukuta.

"Ulitaka nikae namtazama?" Dada alitoa mikono majini, akaninyooshea, nami nikaifuta kwa taulo kwa sababu hawezi kujifuta. "Asubuhi unanivisha wewe. Chakula unanikatia wewe. Nywele unanichania wewe. Jioni anaingia mtu, anavua shati, analala mbele yangu ananingoja. Nikimwambia najua, atafanya nini? Atavaa shati lake."

"Na mikono, Dada? Daktari alisema nini?"

"Mikono inakwenda, nikikanda itakwenda, nisipokanda itakwenda. Afadhali iende ikiwa na kazi."

Nilimbembeleza. Nilimwambia mumewe anaumia kuliko yeye, kwamba anakonda kwa ajili yake. Akasema anajua hilo pia. Nilimtishia kwamba nitamweleza shemeji kila kitu, jioni hiyo hiyo, mbele yake. Akasema, "Mwambie," kisha akaniomba nimfunge kilemba kwa sababu kilikuwa kinamwangukia usoni. Nilimfunga. Kutwa nzima dukani niliipanga ile habari, nitaanzia wapi, nitaishia wapi, na nilitoka kazini nikiwa nimeipanga vizuri kabisa.

Shemeji aliingia jua likiwa bado halijazama. Alitundika koti, akamwuliza mkewe hali, akavua shati, akalala kifudifudi kwenye godoro. Dada akasogea akaketi. Vidole havikukunjika tena, kwa hiyo aliweka viganja tu, vyote viwili, pale pale upande wa kulia, akavisukuma taratibu kwa mikono iliyonyooka.

"Leo pamekaza," akasema.

"Pamekaza kweli," shemeji akajibu, uso ameuficha kwenye mto. "Leo walikuwa wengi."

Nikawaambia natoka kuanua nguo, na siku ile hatukuwa tumeanika kitu.