Injini ya 404 kutoka Australia ilikataa kuwaka Kimulot mpaka ikaitwa jina

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, mchangiaji wa nadra. Huwa naingia kuwaangalia mkibishana kuhusu injini, nacheka, natoka. Leo nimeandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani wiki tatu sasa na sijui niliweke wapi.

Sitatia chumvi. Yalitokea saa nne asubuhi, jua likiwaka, mbele ya watu saba, na mmoja wao ni mzee wa kanisa. Anayebisha aje nimtafutie huyo mzee amuulize.

Twende.

Nyumbani ni Kimulot, karibu na msitu wa Mau. Tuna majani chai, ng'ombe watatu na mahindi kidogo. Tulizaliwa sita, tumebaki watano.

Baba alikuwa na Peugeot 404 pickup. Wenye umri humu mnaijua. Ilibeba maziwa, majani, wagonjwa na maharusi. Mimi nilipopata akili niliikuta imeegeshwa chini ya misipresi nyuma ya boma, matairi hayana upepo, kuku wanataga ndani.

Ukiuliza, jibu lilikuwa moja miaka yote: "Iliharibika."

Baba alifariki miaka mitano iliyopita. Mwaka jana mama akalazwa hospitali ya Kaplong karibu mwezi mzima, tukadhani ndio basi. Akapona. Siku ya kutoka, tukiwa bado tunakusanya vikombe na blanketi, akaniambia, "Siku ya kushukuru kanisani, nataka nipelekwe na gari ya baba yako."

Nilishangaa. Mama hakuwa anakanyaga kule nyuma. Hata mayai ya kule alikuwa anatuma mtu. Lakini mama wa miaka sabini na nane ametoka hospitali anatembea, atake nini umnyime? Nikasema sawa.

Nikamleta fundi Nyakundi. Ni Mkisii, lakini amekaa Kimulot kuliko Wakipsigis wengi. Alianza na malori ya kubeba majani. Ni Msabato kamili, Jumamosi hashiki spana hata ukilia. Akafungua injini, akachungulia, akakuna kichwa.

"Boss, hii injini haikukua na shida. Imeshikana ju ya kukaa, maji ikaingia. Lakini siku ilipakiwa hapa ilikua inatembea poa. Hata tanki ilikua na mafuta, imekauka ikakua gundi. Nani alisema iliharibika?"

"Mzee."

"Basi mzee alikuficha kitu."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa mara ya kwanza. Nani anaegesha gari nzima yenye mafuta, halafu anaachia kuku? Nikamuuliza mama. Akasema chai inachemka, akaingia jikoni. Hakukuwa na chai jikoni.

Injini ile haikufaa tena, block ilikuwa imepasuka. Nikatafuta mtandaoni wiki kadhaa, nikampata mkulima mmoja mzee huko Australia mwenye 404 kama yetu, usukani upande wetu, anaiuza.

Najua mtauliza. Gari nzima ya umri ule huwezi kuiingiza hivi hivi, sheria inakataa. Kwa hivyo yule mzee aliifungua kwake, ikaja kama vipuri kwenye sanduku la mbao kubwa kama choo cha shule: injini, gearbox, milango, dashboard, na nyaya zote. Ilichukua muda mrefu baharini na bandarini mpaka nikaanza kuliota hilo sanduku.

Ushauri wa haraka kwa wanaotaka kuagiza: mwambie muuzaji apige picha kila waya kabla hajaukata. Wangu hakupiga. Tulikaa siku nyingi tukiwasha wipers tukidhani tunawasha taa.

Tulipofungua sanduku, vumbi jekundu lilimwagika, jekundu kuliko udongo wetu. Shangazi Tapkigen, dada yake baba, akachota kidogo, akanusa, akatikisa kichwa. Nikamcheka. Ningejua, nisingecheka.

Nyakundi alikata mabati yaliyooza, akachomea, akaingiza injini, akapaka rangi ileile ya maziwa. Miezi saba, maana kwetu mvua ya alasiri haikosi na rangi haitaki maji. Mama alikuwa anapita kwa mbali, anaangalia, haulizi.

Sasa ikafika Ijumaa. Jumapili ndiyo shukrani, kanisa limetangaziwa. Jumamosi Nyakundi yuko kwa ibada yake. Yaani gari iwake Ijumaa, au mama aende na pikipiki.

Ikakataa.

Cheche iko. Petroli iko. Compression iko. Inazunguka tu, haishiki. Betri ikaisha. Nyakundi akatoa hendeli, maana 404 unaizungusha kwa mkono kutoka mbele, akazungusha mpaka shati likalowa. Kimya.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda na majirani wawili, wazee kama yeye. Akasema kwa upole, kwa lafudhi ya wazee wa kwetu, kama anamweleza mtoto wa nasari:

"Hii kari ni mtoto. Imetoka mpali, haijui mtu hapa. Mmeiita jina?"

Kwa wasiotoka kwetu: mtoto akizaliwa kuna kurenet. Wamama wazee wanaketi naye, wanataja majina ya marehemu wa ukoo, moja moja. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Akichelewa, anawekewa ugoro kidogo puani.

Tulicheka wote. Mzee wa kanisa, aliyekuja kuona gari, akasema kanisa halina neno kuhusu magari. Shangazi akachukua hiyo kama ruhusa.

"Arap Mosonik!"

Nyakundi alikuwa amechoka, na ni mtu wa heshima. Akazungusha. Kimya.

"Arap Chumo!" Kimya. "Kimalel!" Kimya.

Akaita jina la baba. Hapo hakuna aliyecheka. Nakiri nilitaka sana liwe hilo. Nyakundi akazungusha mara tatu. Hakuna kitu. Niliumia, na nikajiona mjinga kwa kuumia.

Shangazi akatoa kichupa chake cha ugoro. Kabla hatujamfikia, alikuwa amemimina kwenye mdomo wa kabureta.

"Mama! Utaniulia injini!" Nyakundi akaruka.

"Hata huyu tajiri yako aliwekewa," shangazi akanionyesha kwa kidole, "na si ako hai?"

Majina yakaisha. Petroli ilikuwa inanuka kila mahali. Nyakundi akasema, "Imekunywa petroli mingi, imefurika. Wacha ipumue," akaketi kwenye nyasi.

Ndipo mama akatoka jikoni. Akaja moja kwa moja hadi kwenye gari, akashika mlango wa abiria.

"Kuna moja hamjaita."

"Hiyo haiitwi," shangazi akamjibu haraka. Kwa ukoo wetu aliyekufa kijana bila kuacha mtoto hatajwi.

Mama alisimama pale ameshika mlango, labda dakika kumi. Midomo inatikisika, sauti haitoki. Niliogopa ataanguka turudi Kaplong. Hakuna aliyesogea, hata Nyakundi.

Halafu akasema, "Kiprono."

Wakuu, huyo ni kaka yangu mkubwa. Alifariki nikiwa na miaka minne. Ninachomjua ni picha moja ya zamani. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia mama akitaja hilo jina.

Nyakundi akainuka, akazungusha nusu mzunguko tu.

Gari ikapiga chafya. Moshi ukatoka kwenye kabureta pamoja na ugoro, wamama wakakohoa, halafu injini ikashika. Ikanguruma taratibu, sawasawa, kama haijawahi kutusumbua.

Kwenye kurenet watu hushangilia. Siku hiyo hakuna aliyeshangilia.

Mama akafungua mlango, akaingia, akaketi. Nikaingia upande wa usukani kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Akanieleza injini ikiwaka, macho mbele. Kiprono ndiye alikuwa dereva wa gari ile. Aliugua ghafla, baba akampeleka Kaplong nayo. Siku ya tatu akamrudisha nayo, nyuma, amefunikwa blanketi. Baba akaiegesha chini ya misipresi, akatoa ufunguo, akasema gari imeharibika.

"Na sisi wote tukasema imeharibika," mama akasema.

Nililia, sitaficha. Miezi saba, sanduku, bandari, nyaya, na kumbe nilikuwa natengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuharibika.

Jumapili tulienda. Mama mbele, kitambaa kipya kichwani. Iliwaka kwa ufunguo mara moja.

Sasa, kuchanganyikiwa kwangu ndiko huku. Nyakundi anasema ni petroli ilifurika, na zile dakika kumi mama alipokuwa kimya plagi zilikauka. Naelewa kabisa. Ningekuwa ninyi ningeandika hivyohivyo. Lakini siku alipokuja kuchukua vifaa vyake, aliniita kando akaniuliza polepole, "Huyo Kiprono, akiwasha asubuhi injini ikiwa baridi, alikua anavuta choke ama hakua anavuta?"

Shangazi ukimuuliza anavuta ugoro wake tu. Mzee wa kanisa tangu siku hiyo hajapita kwetu.

Nilichojifunza: kabla hujaagiza injini ng'ambo, uliza nyumbani ile ya kwanza ilizimwa na nani na kwa nini. Uliza tena wakikwambia chai inachemka.

Wanaojua kabureta, nipeni maoni. Wanaojua kurenet, nipeni pia, na mwenye kutaka kunitukana aanze na ugoro. Mimi nasoma zote, kwa sababu kila siku saa kumi na mbili asubuhi napasha injini moto, na mama anaita kutoka jikoni, sauti nyepesi ambayo sikuwahi kuisikia nikiwa mdogo:

"Kiprono ameamka?"

Najibu, "Ameamka, mama."

Halafu nabaki nimeshika usukani, sijui nimejibu kuhusu gari au kuhusu nani.