Yule Binti wa Gauni la Njano

Harufu ya petroli ikinijia ndani ya chumba kilichofungwa, hata leo, najikuta nimerudi kwenye mkeka wa Baba Zawadi kule Katumba, magoti yangu yamebanwa na magoti ya watoto wa watu. Jenereta lake lilikaa nyuma ya ukuta, likikohoa na kutujazia moshi, nasi tulivumilia. Kijiji chetu kizima kilikuwa na televisheni ile moja tu, na Jumapili baada ya ibada alituwekea sinema za karate.

Jumapili moja akaweka mkanda mwingine. Shemeji yake alikuwa ameurekodi kwenye televisheni ya ng'ambo ya ziwa: mashindano ya kuimba. Waimbaji wanane, majaji watatu mezani, taa za kila rangi. Lugha haikuwa Kiswahili wala Kirundi cha kwetu nyumbani, basi tukawa tunaangalia vitendo na kujitafsiria wenyewe. Kila baada ya nyimbo kadhaa jaji alitamka jina, mwenye jina akalia, wenzake wakamkumbatia, akaondoka.

Sasa nyie mtanicheka, lakini sisi tuliijua ile sheria vizuri kabisa. Kila mchana mwalimu wetu wa hesabu alituuliza maswali ya kichwa: ukijibu, unachukua daftari lako unakwenda nyumbani kula, ukikosa, unabaki kuulizwa tena mpaka tumbo lilie. Anayeondoka kwanza ndiye kichwa. Kwa hiyo binti mmoja mwembamba, wa gauni la njano, alipoitwa wa kwanza, tulipiga makofi mpaka Baba Zawadi akatufokea. Wa kwanza, jamani! Na alikuwa ameimba kwa sauti ya chini, mikono imetulia, kama mtu anayemwambia mwenzake siri.

Aliyebaki mwisho alikuwa jamaa mmoja wa kupayuka, anazunguka, anapiga magoti, jasho linamtiririka. Maskini, aliimbishwa tena na tena, na mwishowe wakammwagia vikaratasi kutoka juu.

"Wamemchoka," nikamwambia dada yangu Debora. "Mpaka wamemtupia takataka!"

Debora akatikisa kichwa kwa huruma.

Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Alikuwa na sauti kubwa, ya kumwita mama aliye shamba la pili naye akaitika. Na mwezi ule moyo wake wote ulikuwa kwenye jambo moja. Kwaya ya vijana ilikuwa inakwenda Mpanda mjini kwenye mashindano ya makwaya, na mwalimu wa kwaya alitaka msichana mmoja wa kuongoza nyimbo. Debora alikuwa hajafika Mpanda hata siku moja. Alikuwa ameshaazima viatu vya shangazi, vyeupe, na kila asubuhi alivifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Basi nikajifanya mwalimu wake. Jioni, tukimaliza kufunga majani ya tumbaku, tuliingia kwenye bani, lile banda la kukaushia majani, lililokuwa tupu. Yeye alisimama katikati, mimi nikakaa juu ya kuni kama jaji.

"Punguza, dada. Ukipayuka utabaki wa mwisho."

Akapunguza. Nikamwambia mikono itulie, ikatulia. Siku za mwanzo sauti ilimkatikia njiani, akawa anakohoa na kunicheka. Wiki ya pili ikatoka sauti nyingine, ya chini, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwetu. Vinyweleo vilinisimama. Nilijiona mtu mkubwa kweli kweli.

Siku ya kuchagua, wasichana watatu walisimama mbele kanisani. Wawili wa kwanza walipaza sauti mpaka bati likaitika. Debora akafumba macho, akaimba kama yule binti wa njano. Kanisa zima likanyamaza kimya, hata wanaume waliokuwa mlangoni wakaacha maongezi yao. Mimi nikajua tumeshinda.

Mwalimu akangoja amalize, akamwuliza kwa upole, "Debora mwanangu, unaumwa? Sauti yako imekwenda wapi?"

Akamchagua Esta, yule aliyepaza kuliko wote. Njiani nililia mimi, Debora hakulia. Alinishika mkono tu, na siku ya safari akampa Esta vile viatu aende navyo.

Nimekuja kuelewa nikiwa mama wa watoto, nyumbani kwangu, tukiangalia mashindano ya namna ile ile, safari hii kwa Kiswahili. Binti yangu akasema, "Mama, huyu katolewa, kashindwa." Nikawakumbuka wote wanane mmoja mmoja, na vikaratasi, na kile nilichokuwa nafundisha pale juu ya kuni. Nikachukua simu.

"Dada, yule binti wa gauni la njano alishindwa! Alitolewa wa kwanza. Mimi ndiye niliyekukosesha Mpanda. Nisamehe, dada yangu."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Wewe mtoto wewe! Mimi nilijua tangu Jumamosi iliyofuata ule mkanda. Nilimwuliza Baba Zawadi, akanieleza yote."

"Ulijua? Sasa kwa nini uliimba vile?"

"Mpanda niliitaka sana, mdogo wangu. Sana. Lakini niliposimama pale mbele niliogopa. Nikaona nikiirudisha ile sauti kubwa, hii nyingine sitaipata tena. Na nilikuwa naipenda."

Miaka yote ile nilikuwa nimemwona Debora kama mtu aliyekosa. Kumbe kati yetu wote mle kanisani, yeye peke yake ndiye aliyejua anachofanya.

Nikamwomba aniimbie. Akasema ugali uko motoni, nisimletee mchezo. Halafu akaimba.