Nilimjibu "Mchepuko" wa Mume Wangu, Kumbe ni Mwendesha Mashtaka

Admin, nifichie jina, mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na sita, Mtanzania, nasuka nywele hapa Durban. Nina wiki tisa kwenye ndoa na Mkongomani anayefanya kazi kiwandani, eneo la Jacobs. Jamani, nimependwa! Kila asubuhi ananiletea chai kitandani, ananiita sheri, yaani mpenzi kwa Kifaransa chao, hata mbele ya majirani. Mpaka leo nikisikia ufunguo mlangoni moyo unanienda mbio.

Ndiyo maana wivu ulinishika vibaya. Kuna mwanamke alikuwa anampigia, kamsevu "Thandi" tu. Simu hiyo ikiita anashuka ngazi hadi barabarani, anarudi macho mekundu na chakula hagusi. Nikiuliza, ananiambia ni mambo ya kazi. Nilipomsimulia mama mwenye saluni alicheka mpaka akaweka kitana chini.

"Mdogo wangu, kazi gani inatoa mwanaume machozi? Huyo iko na mtu."

Alhamisi iliyopita alikuwa anaoga, ujumbe ukaingia. Thandi aliandika kwa Kiingereza kwamba wenzao wameleta pendekezo, na hataki kuamua kabla hajajua moyo wake unasemaje. Moyo wa mume wangu! Nikajibu kana kwamba ni yeye mume wangu: "Amua unavyotaka, sina neno. Usinitafute tena." Nikaifungia namba.

Kisha nikapanda juu kwenye jumbe zao za nyuma nisome mapenzi yao yalianzia wapi. Hakukuwa na mapenzi. Thandi ni mwendesha mashtaka. Mume wangu akiwa na miaka kumi na miwili, hapa hapa Durban, mwalimu wa kwaya wa kanisa lao alimdhalilisha kingono, na ni mwaka jana tu alipopata nguvu ya kumshtaki. Sasa yule mtu anataka kukiri kosa dogo ili asiende jela. Thandi alishamweleza kwamba kabla hawajakubaliana na yule mtu, yeye mume wangu ana haki ya kusikilizwa. Na mume wangu alishaandika: "Nataka aseme mbele yangu alichonifanya. Chote."

Bafuni maji yakafungwa. Kwa woga nikafuta jibu langu pamoja na ule ujumbe wa Thandi, nikairudisha simu mezani.

Namba nimeshaifungua, lakini Thandi hapigi tena. Mume wangu anaiangalia simu kila dakika. Jana nilimuuliza kwa nini hampigii mtu anayemsubiri. Akasema taratibu, "Wamechoka na mimi, sheri." Nikamkumbatia.

Nami niseme ukweli, wivu haujaisha. Yule dada ameyasikia yote, na mimi ninayelala kifuani pake nilifichwa. Kwa nini yeye, si mimi?

Leo Jumatatu. Kwenye zile jumbe niliona kwamba makubaliano yanapelekwa mahakamani Jumatano. Nikimwambia mume wangu, atajua nimepekua alichokificha hata kwangu, na kwamba mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nikimwendea Thandi kimya kimya, nitakuwa nimemsemea mume wangu kwa mara ya pili.

Dada zangu, kaka zangu, nitukaneni baadaye. Kwanza nipeni maneno ya kuanzia kumwambia, anatoka kazini saa kumi na moja.