Kikombe cha Maziwa Asubuhi ya Upasuaji

Babu alikuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Daktari alituambia hatampasua tumbo lote. Angetoboa matundu manne madogo, aingize kamera, na baada ya siku mbili muzee angerudi nyumbani. Shangazi alifurahi. Mimi nilisoma kwenye simu jinsi hewa inayojazwa tumboni ili kamera ione inavyoweza kuusumbua moyo wa mtu mzee, na wiki nzima sikusoma kitu kingine. Diploma yangu ni ya uchumi wa vijijini.

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alimuuliza babu kama amekula.

"Hapana. Tangu jana sikukula kitu."

Alisema kweli. Kwetu sisi watu wa ng'ombe wa Masisi, maziwa hayaliwi, kwa hiyo hayahesabiwi. Lakini kwenye kikapu cha shangazi nilikuwa nimeona kikombe chenye utando mweupe ukingoni. Nikamvuta pembeni.

"Shangazi, alikunywa maziwa?"

"Kikombe kimoja. Ulitaka baba yangu aende kulala chini ya kisu bila baraka?"

"Akitapika kwenye usingizi wa dawa, itaingia kwenye mapafu."

"Maziwa haiko chakula. Wewe hata chai ikipoa unatafuta docta."

Machela ilikuwa imeanza kusukumwa. Nikinyamaza, huenda akafa. Nikisema, daktari wa matundu madogo ataondoka kesho, na huja mara moja tu kwa mwezi. Nilisema. Sauti ilitoka ndogo mno, muuguzi akaniomba nirudie.

Daktari hakukasirika. Wagonjwa wengine walishajaza siku yake. Tungoje mwezi ujao, alisema, na muzee asiguse mafuta wala maziwa.

Babu alivaa koti lake taratibu.

"Nani alimwambia?"

Shangazi alinionyesha kwa midomo.

"Huyu mutoto alisoma sana," babu akasema, akacheka kidogo, akajishika ubavu.

Siku ya tatu maumivu yalirudi. Alijikunja kitandani, mkono chini ya mbavu za kulia. Dawa aliyopewa hospitalini haikumtuliza. Alikataa uji, akakataa ndizi. Aliomba kile ambacho mzee wa kwetu huomba anapougua. Shangazi alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Haya, sema, wewe unayejua. Nimupe?"

Babu naye alinigeuzia macho, akingoja.

Nilijua jibu. Sikujua kitu kingine cha kumpa.